Maneno Yasiyo na Mizizi

Mtoto akikosa neno la kukuitia, wewe bado ni mama?

Nimeliuliza swali hili jikoni, nimeliuliza njiani, nimeliuliza nikiwa nimeinama juu ya karai la nguo mpaka povu likafa mikononi mwangu. Halijibiki. Ni swali linalokaa kimya kama mgeni aliyefika kabla ya chakula kuiva: hana ubaya, ila huwezi kufanya lolote bila kumkwepa.

Katika mji wetu miaka haihesabiwi, inapandwa. Kuna Mlima, na Mlima una ngazi, na juu kabisa kuna Shule. Asubuhi moja niliondoka nyumbani nimemshika mkono Zawena wangu wa miaka sita, kamba ya kiatu inaburutika nyuma yake kama mkia wa panya. Nikainama kumfunga. Nilipoinuka, mkono nilioushika ulikuwa mrefu, una kucha zilizokatwa vizuri, na ulikuwa unajitoa kwangu taratibu, bila hasira, jinsi mtu anavyotoa mkono kwenye glovu. Sikuona ni ngazi ya ngapi mtoto alikua. Waulize akina mama wote wa mji huu, watakwambia hivyohivyo: niliinama kidogo tu.

Lakini nimeruka. Nianze na kibao.

Kwenye lango la Shule kuna ukuta wa misumari, kila mtoto na msumari wake. Ukifika asubuhi unatundika pale lugha ya kwenu, kama koti lililolowa mvua, ndipo unaingia. Ndani ni Kiingereza peke yake. Jioni unaichukua lugha yako unashuka nayo. Wako wanaosahau kuichukua. Wako wanaoichukua ya mwenzao, na nyumbani hakuna anayeng'amua, maana watoto siku hizi hawasemi sana. Na ukinaswa ndani ukisema Kiswahili unavishwa kibao shingoni, kipande cha mti chenye tundu na kamba, ukivae mpaka umnase mwenzako umhamishie. Hivyo watoto kule juu wanatazamana midomo mchana kutwa.

Siku ya kwanza Zawena alirudi nacho.

"Umesema nini mpaka wakakuvika?" nikamwuliza.

"Siafu aliniuma, nikasema, 'Aa, mama wee.'"

"Basi tu?"

"Basi tu, mama."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na nililifanya kwa mapenzi matupu, ndiyo maana sina wa kumlaumu. Nilisema moyoni: mwanangu hatavaa kitu hiki tena, nitamzoeza hapahapa nyumbani. Nikachukua kipande cha ubao wa kukatia mboga, nikakitoboa kwa msumari wa moto, nikapitisha kamba. Kibao chetu. Nikakitundika karibu na meko.

"Humu ndani pia ni Kiingereza tu," nikamwambia. "Atakayesema Kiswahili atavaa hiki. Hata mimi."

"Lakini mama, wewe Kiingereza hukijui."

"Basi nitavaa."

Akacheka, Zawena. Alicheka mpaka akashika tumbo. Nami nikakivaa, nikapika nacho, nikafagia nacho, majirani wakaniuliza kama nimeapishwa. Mtoto alicheka siku ya kwanza, akacheka ya pili. Siku ya tano nikaona hacheki, ananitazama shingo. Kamba ilikuwa imeniachia alama. Kuanzia hapo akaanza kuninyima maswali. Hakuniuliza chakula kiko wapi, alitafuta mwenyewe. Hakuniuliza baba yake atarudi lini. Aliniepusha kujibu, ili nisivae. Mtoto wa miaka sita akaninyamazia kwa huruma, nami, mjinga mimi, nikadhani ametulia, ameanza kusoma.

Nyumba ikawa na watu wawili na miiko miwili na sahani mbili, na sauti ya miiko kwenye sahani. Alipokuja kufungua tena mdomo, kilichotoka kilikuwa Kiingereza, laini, kimenyooka, kama uzi unaotolewa kwenye kitambaa. Nikakivua kibao nikakitupa motoni. Nikamsemesha Kiswahili mchana na jioni. Alikuwa ananisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua kwenye paa la jirani. Anaisikia, haimloweshi.

Ndipo nikaenda darasa la jioni. Nilisema: kama yeye hawezi kushuka nilipo, nitapanda alipo.

*

Darasa lilikuwa kwenye ghala la zamani la korosho. Mwalimu Kibwana, mtu mwembamba mwenye shati lililofungwa mpaka kifungo cha shingo, aliwahi kufundisha juu Mlimani akashushwa. Kwa nini, hakusema. Alikuwa amepanga magunia ukutani, na katika kila gunia kulikuwa na mizizi, mikavu, myeusi, mingine bado ina udongo.

"Kiingereza ni msitu," alisema jioni ya kwanza. "Mkihesabu majani mtazeeka. Chimbeni mizizi. Mzizi mmoja, majani mia."

"Mizizi ya nani, Mwalimu?" aliuliza Bi Chausiku, muuza maandazi, unga ungali kwenye viwiko. Yeye alikuwa amekuja kusoma, kwa maneno yake mwenyewe, ili mkamwana wake asimsengenye mbele yake akitabasamu.

"Ya Kilatini na Kiyunani cha kale."

"Na wenyewe wako wapi, tuwasalimie?"

"Walikufa, Bi Chausiku. Lugha zao zimekufa pia. Leo hakuna nyumba hata moja duniani ambamo mtoto anaamka akilia kwa Kilatini."

"Ala! Kumbe tumeacha vyungu jikoni tuje kufukua makaburi!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alitia mkono guniani, akatoa mzizi mmoja, akanipa mimi niliyekuwa mbele.

"Huu unaitwa tele. Maana yake mbali. Na huu hapa, fon. Maana yake sauti. Iunge."

Nikaiunga. Ikashikana mikononi mwangu kama watoto waliopoteana sokoni. Telefoni. Sauti ya mbali. Jamani! Neno nililolisema maisha yangu yote, kumbe lilikuwa na watu ndani. Nilishikwa na machozi pale pale, Bi Chausiku akanipiga kiwiko: "We Mama Zawena, ni simu tu hiyo."

Lakini haikuwa simu tu. Ilikuwa jina la ugonjwa wangu. Sauti ya mbali, imekaa sebuleni kwangu, inakula wali wangu.

Nikawa mchimbaji. Nilijifunza port, kubeba. Ripoti ni kitu kinachobebwa kurudishwa. Sapoti ni kubeba kutoka chini, kama mtu anayemwinua mwenzake juu ya ukuta, mgongo ukiwa umeinama, uso ukiwa udongoni, asione mwenzake ameona nini huko ng'ambo. Niliandika neno hilo daftarini nikalizungushia duara. Nilijifunza spek, kutazama. Inspekta ni mtazama ndani. Nilijifunza demos, watu, na kratos, nguvu, ndiyo demokrasia, nikaelewa kwa nini wakubwa hupenda kusema kwa mifupa ya wafu: wafu hawasahihishi. Ukimwambia mtu neno la jikoni kwake atakujibu, atakwambia sivyo, hivyo ndivyo bibi yangu alivyosema. Ukimwambia neno lililofukuliwa kwenye kaburi la ugenini atavua kofia. Mamlaka yote, nilifikiri, ni sanaa ya kusema maneno ambayo mama wa msikilizaji hakuyajua.

Na mimi je? Nani alikuwa anasema ndani yangu sasa? Jioni nilikuwa narudi nimejaa watu waliokufa. Mkononi Mrumi, kifuani Myunani. Nilikuwa nikijitazama kwenye maji ya karai naona mwanamke anayefanana nami, mwenye paji la uso la mtu aliyesoma. Nilimpenda. Nilimwogopa kidogo. Nikamwuliza: wewe unaweza kumwita Zawena aje kula? Akafungua mdomo. Maji yakatikisika.

Siku iliyofuata nikanyoosha mkono darasani.

"Mwalimu, na yale maneno madogo?"

"Yapi?"

"Yale ya... oga. Pole. Sogea hapa. Umechoka? Yako gunia gani?"

Mwalimu Kibwana akafungua kifungo cha shingo, mara ya kwanza tangu tumjue.

"Hayako humu," alisema. "Kiingereza kina ghorofa mbili, Mama Zawena. Ya juu ndiyo hii tunayoijenga: hospitali, mahakama, serikali. Ya chini ni jikoni. Maneno ya kule ni mafupi, na mengi sana hayatoki kwa Warumi wala Wayunani. Wenyewe walipewa na bibi zao wakiwa matumboni na migongoni. Hayo hufundishwi kwa mizizi. Hupewa mtu na aliyempenda akiwa mdogo."

"Na mimi nitapewa na nani?"

Akakifunga tena kile kifungo cha shingo.

"Tafuta mzungu akuzae upya," alisema Bi Chausiku, na safari hii hata yeye hakucheka. Akanimegea andazi. "Kula, mwanangu. Kula kwanza."

*

Barua ilifika kwa miguu yake, ikasimama mlangoni. Ilikuwa ndefu, ya Kiingereza, na niliisoma mwenyewe, mzizi kwa mzizi, kidole chini ya kila mstari. Ilisema Zawena amemaliza ngazi. Ilisema siku ya Jumamosi atapita Mlango wa Tatu. Mji mzima unaujua Mlango wa Tatu. Waliopita pale huandika mwanzoni, halafu hutuma picha, halafu wanakuwa wale watu ambao jina lao hutajwa kwa kuinua kidevu kuelekea juu. Chini ya barua kulikuwa na mstari mmoja zaidi: mzazi atakayeweza kujieleza kwa karani kwa Kiingereza ataruhusiwa kukaa na mtoto wake kwa muda wa kengele moja.

Kengele moja. Nilitaka nini mle ndani? Nisijitie ukubwa, nilitaka kitu kimoja: asipite mlango ule akiwa hana mama. Ajue tu. Kwamba kile kibao kilikuwa mapenzi yaliyopotea njia, na kwamba huku chini kuna mtu ambaye ni wake hata asipokuwa na neno la kumwitia.

Darasa zima likaniandaa. Bi Chausiku akawa karani, amevaa miwani ya Mwalimu.

"Wewe ni nani, mama?" akaguna kwa sauti ya pua.

"Si hivyo, Bi Chausiku, karani hasemi Kiswahili."

"Mimi karani mwema. Jibu!"

Jumamosi nikapanda. Karani wa kweli hakuniinulia uso. Alisema neno moja: aidentiti. Nami nililijua. Lina idem ndani yake, mzizi wa Kilatini, maana yake yuleyule. Kwa hiyo alikuwa ananiuliza: wewe ni yuleyule? Nilisimama pale na swali hilo, watu nyuma yangu wanakohoa. Yuleyule nani? Aliyemzaa? Aliyetoboa ubao? Yule wa kwenye maji ya karai? Nani kati ya wote hao angepaswa kuonyesha karatasi? Lakini karani hakutaka ukweli, alitaka maneno, nami maneno nilikuwa nayo. Nikayamwaga, marefu, ya ghorofa ya juu, moja likilibeba jingine mgongoni. Kalamu yake ikasimama. Akanyanyuka, naapa alinyanyuka, akanivutia kiti.

"Pita, madamu."

Nilipita nikiwa nimeshinda. Kila nikikumbuka naona aibu jinsi nilivyopita.

Zawena alikuwa kwenye benchi. Kwa namna miaka inavyokwenda kule juu, tulikuwa rika moja sasa, labda yeye kanizidi kidogo. Ana ule mkunjo wa babu yake kwenye nyusi. Alinipisha nikae. Nikaona kumbe harufu yake haijaondoka, ile ya utosini, ya mafuta ya nazi na vumbi, ikanipasua.

Nikaanza kusema. Ee Mola, nilisema nini? Kwa Kiingereza changu cha ghalani nilimwambia kwamba mimi ndiye sapoti ya asili ya maisha yake. Kwamba umbali hauna mamlaka juu ya sauti. Kwamba instrumenti niliyoitengeneza zamani kwa ajili ya shingo yake ilikuwa na intensheni njema. Nilimsikia mwanamke anayesema. Alikuwa anafungua mkutano. Alikuwa anakata utepe. Zawena alinisikiliza amekunja mikono mapajani, ameinamisha kichwa, jinsi wanafunzi walivyofundishwa kumsikiliza mgeni rasmi. Nilipomaliza, vidole vyake viligusana, na kwa sekunde moja nilidhani atapiga makofi.

"Mwanangu," nikasema basi, kwa Kiswahili. "Zawena. Ni mimi."

Alinitazama. Kulikuwa na kitu kinakuja kutoka mbali sana machoni mwake, kinajikwaa, kinainuka. Midomo ikaanza kufunguka, ikakosa njia, ikachukua njia nyingine. Akaniambia maneno manne kwa Kiingereza. Manne, mafupi, sauti ikipanda mwishoni.

Nikayafukua. Nikatafuta tele, nikatafuta fon, nikatafuta port na spek na mater, mzizi wa mama. Nikageuza memor wa Kilatini na mneme wa Kiyunani, mizizi yote miwili ya kukumbuka. Hakuna. Maneno yale hayakuwa na kitu cha kushika. Yalikuwa laini kama kokoto, ya jikoni, ya migongoni, ya watu waliopendwa kwa lugha ile wakiwa wadogo. Naye anangoja. Anangoja, uso wote umefunguka, sijauona umefunguka hivyo tangu siku ya siafu.

Tumelelewa kwa adabu, sisi watu wa chini. Ukisemeshwa Kiingereza na hukukielewa, humwambii msemaji rudia, ni kumvunjia heshima, ni kuonekana mshamba. Unatabasamu, unaitikia kwa kichwa.

Nikatabasamu. Nikaitikia kwa kichwa. Nikaitikia mara mbili, ili aone nimemwelewa vizuri.

Kengele ikalia. Zawena alisimama, akanyoosha sketi yake, akanipa mkono kama wanavyopeana mikono watu waliokubaliana jambo. Akaenda. Hakugeuka. Mlango wa Tatu hauna kishindo, unafungwa kama kope.

*

Niliyabeba yale maneno manne mdomoni ngazi zote za kushuka. Sikumsalimia mtu. Nilikuwa kama anayebeba maji kwa viganja, nikifumbua kidogo tu yatamwagika. Nikaingia ghalani darasa limeshaanza, nikaenda moja kwa moja mbele, kwenye ubao, nikayatema mbele ya Mwalimu Kibwana moja moja, kwa mpangilio wake, na ile sauti ya kupanda mwishoni.

Mwalimu aliweka chaki chini.

"Nani amekwambia haya?"

"Zawena. Leo. Yana maana gani?"

"Nawe ulimjibu nini?"

"Mwalimu, yana maana gani?"

"Ulimjibu nini, Mama Zawena?"

"Niliitikia kwa kichwa."

Akageuka akautazama ukuta wa magunia, kama mtu anayetafuta kitu anachojua hakimo. Bi Chausiku akasema, "Mwambie, baba. Si mtoto mdogo." Ndipo akaniambia, kwa Kiswahili, taratibu, akinishika kiwiko.

"Alikuwa anakuuliza: Ni lazima nikusahau?"

Kuna unga ulikuwa unaanguka kutoka mikononi mwa Bi Chausiku, nilikuwa nauona unavyoanguka, punje kwa punje, na kila punje ilikuwa na muda wa kutosha kuamua iangukie wapi.

Na jibu nilikuwa nalo. Hilo ndilo linaloniua. Halikuhitaji gunia, wala daftari, wala mfu hata mmoja. Ni neno fupi kuliko yote, la silabi moja; hata mama yangu, ambaye hakuona mlango wa darasa maisha yake yote, alilijua kwa Kiingereza, alikuwa akilisema kwa utani akikataa kuongezwa uji. Nililijua tangu tumboni. Nililijua nikiwa nimekaa pale kwenye benchi, magoti yangu yamegusana na yake.

"No," nikasema.

Nikalisema tena, kwa nguvu, kuelekea juu, kuelekea bati la ghala na kilichokuwa juu ya bati. Na wenzangu, kwa mazoea ya darasa la jioni, ambako lolote linalosemwa mbele ya ubao hurudiwa na wote, wanawake kumi na saba na vitambaa vyao vichwani, na Bi Chausiku machozi yakimchuruzika kwenye unga, wakalirudia kwa pamoja, wazi, kwa matamshi mazuri kabisa, baada yangu.